Ganzi ya Vidole Baada ya Kutolewa Rovu: Kazi ya Tezi Nne Ndogo za Shingoni

Mgonjwa anaporudi nyumbani baada ya kupasuliwa shingo na kutolewa rovu, jambo la kwanza watazamalo jamaa zake ni kidonda. Kikiwa kimefunga vizuri, hakina usaha, na sauti ya mgonjwa yasikika, wote humshukuru Mungu na kuona ya kuwa hatari imekwisha kupita. Lakini iko hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo haitoki katika kidonda. Aghalabu huanza kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya upasuaji, yaani pengine mgonjwa amekwisha kupewa ruhusa ya kwenda zake. Dalili yake ya kwanza ni ndogo sana hata mtu aweza kuidharau: midomo hufa ganzi, na ncha za vidole humchomachoma kama mtu aliyelalia mkono wake.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa Kinangop. Huyu si mtu fulani anayejulikana, bali ni mfano tu wa wengi. Ametolewa tezi yote ya shingo siku ya Jumatatu, na Jumatano amerudishwa kwake kwa matatu, shingo imefungwa kitambaa. Usiku wa Alhamisi anaamka na kumwambia mama mkwe wake kwamba midomo yake imekuwa kama si yake. Mama mkwe anamjibu, "Mwanangu, ni baridi ya huku kwetu. Jifunike vizuri, nitakutilia moto." Kabla ya mapambazuko vidole vya mikono vinakaza vyenyewe, kidole gumba kinaingia kiganjani, na mama hawezi kushika kikombe. Jirani aliyeitwa anasema ni pepo. Kijana wa nyumba ile, ambaye hakusoma udaktari, peke yake ndiye anayekumbuka maneno aliyoambiwa na muuguzi mlangoni mwa wodi, anatafuta gari usiku ule ule, na kumteremsha mama yake Naivasha. Kijana huyo amefanya sawa.

Haikuwa baridi wala pepo. Damu ya mama huyo ilikuwa imepungukiwa na kalsiamu.

Kalsiamu ni madini yale yale yaliyomo katika chokaa, katika maganda ya mayai, na katika mawe ya matumbawe yajengewayo nyumba za pwani. Katika mwili wa mwanadamu, yapata sehemu 99 katika kila 100 za kalsiamu zimo ndani ya mifupa na meno. Sehemu ile moja iliyobaki imo katika damu na nyama, na ijapokuwa ni kidogo, ndiyo itulizayo mishipa ya fahamu. Kipimo chake katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni yapata miligramu 8.5 hadi 10.5 katika kila desilita moja. Hospitali nyingine huandika kwa hesabu nyingine, yaani milimoli 2.1 hadi 2.6 katika kila lita, na mgonjwa asishtuke akiona karatasi mbili zenye tarakimu zisizofanana.

Kipimo hicho kikishuka, mishipa ya fahamu huwa kama mbwa wa mlinzi aliyekosa usingizi: hushtuka bila ya kuguswa. Kwanza huja ganzi na michomo penye midomo, vidoleni na nyayoni. Kisha misuli hukaza yenyewe, hasa ya mikono na miguu. Kipimo kikizidi kushuka, mtu aweza kuanguka na kutikisika kama mwenye kifafa, au koo likabana hata pumzi ikaingia kwa mlio, au mapigo ya moyo yakaharibika. Watu wamepata kufa kwa jambo hili. Wengi hawafiki huko, kwa sababu ganzi huwaonya mapema, na ndiyo maana onyo hilo lisipuuzwe.

Sasa mtu aweza kuuliza, tezi ya shingo ina uhusiano gani na kalsiamu? Nayo tezi ile kubwa, ambayo madaktari huiita thairoidi, kazi yake hasa ni nyingine: huongoza kasi ya mwili wote, joto lake na nguvu zake. Lakini nyuma yake zimejibanza tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Kila moja ni kama punje ya mchele kwa ukubwa, na uzito wake ni yapata miligramu 30 hadi 50 tu. Hizi huitwa parathairoidi, nazo hutoa homoni yao wenyewe ambayo ndiyo mtunza ghala wa kalsiamu.

Neno hili la ghala lafaa kufikiriwa vizuri, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokosea. Mifupa ni ghala iliyojaa. Homoni ya tezi hizo ndogo hushika ufunguo wa ghala na kutoa kalsiamu kidogo kidogo kwa kadiri damu inavyohitaji. Tena huziamuru figo zisiimwage kalsiamu katika mkojo. Na tatu, huzifanya figo hizo hizo ziikamilishe vitamini D, ambayo bila yake matumbo hayawezi kupokea vyema kalsiamu iliyomo katika chakula. Homoni hii haikai katika damu. Baada ya dakika chache tu nusu yake huwa imekwisha kutoweka, na lazima itolewe nyingine. Basi tezi zote nne zikinyamaza kwa ghafula, mtunza ghala hayupo. Mtu aweza kuwa na mifupa yenye nguvu na ghala tele, na damu yake ikafa njaa mlangoni.

Kwa nini zinyamaze? Rangi yao ni ya manjano iliyochanganyika na kahawia, karibu sawa na mafuta yaliyozizunguka, na damu yao kwa sehemu kubwa huletwa na mshipa ule ule unaolisha tezi kubwa. Mpasuaji anapoitoa tezi kubwa hana budi kuzibandua hizi ndogo na kuziacha mahali pake, pamoja na vijishipa vyao vyembamba kama uzi. Pengine moja hutoka pamoja na rovu bila kuonekana. Mara nyingi zaidi zote zinabaki lakini zimechubuka au zimekosa damu, na huhitaji siku au majuma kabla ya kuamka tena. Hili si lazima liwe kosa la mpasuaji. Hutokea hata mikononi mwa mabingwa. Vitabu vya udaktari hukadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 waliotolewa tezi yote, yapata 20 hadi 30 hupungukiwa na kalsiamu kwa muda, bali wale ambao upungufu hauwaachi maisha yao yote ni wachache sana, yapata mmoja hadi watatu mikononi mwa wapasuaji wazoefu. Aliyetolewa upande mmoja tu wa tezi huwa katika hatari ndogo mno, kwa kuwa tezi mbili za upande wa pili hazikuguswa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye saratani iliyoenea katika matezi ya shingo, kwa aliyepasuliwa mara ya pili, kwa mwenye rovu kubwa mno, kwa yule ambaye tezi yake ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, na kwa mtu aliyekuwa na upungufu wa vitamini D tangu mwanzo.

Hapa Kenya rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu, ambako udongo na maji vina iodini kidogo. Sheria ya kutia iodini katika chumvi imepunguza sana marovu ya namna hiyo. Hata hivyo upasuaji haukukoma, maana uvimbe wa tezi una sababu nyingine nyingi, na saratani ni mojawapo.

Jinsi madaktari walivyoigundua siri hii

Katika karne ya kumi na tisa kulikuwa na wapasuaji wawili mashuhuri wa marovu huko Ulaya. Mmoja alikuwa Theodor Kocher wa mji wa Bern, nchi ya Uswisi, ambako watu wa milimani walisumbuliwa sana na rovu. Wa pili alikuwa Theodor Billroth wa Vienna, nchi ya Austria. Wote wawili walikuwa hodari, lakini wagonjwa wao walipata matatizo yasiyofanana, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Wale wa Kocher walipona vidonda vizuri, ila baada ya miezi baadhi yao walivimba nyuso, wakawa wazito na akili zikapumbaa. Wale wa Billroth hawakupatwa sana na hayo. Baadhi yao walishikwa na mikazo ya mikono na miguu siku chache baada ya kupasuliwa. Msaidizi wa Billroth, Anton Wölfler, aliiandika habari ya mgonjwa wa namna hiyo katika mwaka wa 1879.

Mmarekani William Halsted, aliyewaona wote wawili wakifanya kazi, ndiye aliyelieleza fumbo hilo baadaye. Kocher alikuwa mtu wa taratibu mno. Hakuruhusu damu imwagike ovyo, naye aliitoa tezi yote ikiwa safi bila ya kuharibu yaliyo kando yake. Kwa hiyo tezi ndogo zilisalimika, lakini mgonjwa alibaki bila thairoidi hata kidogo, na mwili ukapoa kama jiko lililokosa kuni. Billroth alifanya haraka zaidi, na damu ilimwagika zaidi. Aliacha vipande vya thairoidi nyuma, lakini alizitoa au alizijeruhi zile tezi ndogo ambazo hakuna aliyezijua. Hivyo usafi wa mmoja na haraka ya mwingine vilifundisha mambo mawili tofauti juu ya shingo moja.

Zile tezi zenyewe zilikuwa zimekwisha kuonekana, lakini hakuna aliyesikiliza. Mwingereza Richard Owen alikuwa ameiona tezi kama hiyo katika mzoga wa faru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London mwaka wa 1849. Kisha Ivar Sandström wa Uppsala, nchi ya Uswidi, alizikuta katika shingo ya mbwa mwaka wa 1877, hali yeye bado ni mwanafunzi. Akaendelea kuzitafuta katika maiti 50 za watu, na mwaka wa 1880 akayachapisha maelezo yake. Kazi hiyo ilipita karibu kimya. Mwaka wa 1891 Eugène Gley wa Ufaransa alionyesha kwa wanyama kwamba mikazo ile huja tezi hizo ndogo zinapotolewa. Na mwaka wa 1909, mwaka ule ule ambao Kocher alitunukiwa zawadi ya Nobel, William MacCallum na Carl Voegtlin wa Marekani walithibitisha ya kuwa mbwa waliotolewa tezi hizo walipungukiwa na kalsiamu katika damu, na kwamba wakidungwa kalsiamu mikazo hukoma. Yapata miaka 30 ilikuwa imepita tangu Wölfler alipoandika.

Yafaa kutaja hapa kosa moja la majina. Mikazo hii si pepopunda. Katika lugha za Ulaya majina ya maradhi haya mawili yanakaribiana sana, na mtu aliyesoma kidogo aweza kuyachanganya. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyoingia kidondani, na kinga yake ni chanjo. Mikazo tunayoieleza haina kijidudu chochote.

La kufanya mgonjwa akihisi ganzi

Mgonjwa aliyetolewa tezi ya shingo, akihisi ganzi au michomo penye midomo au vidoleni, arudi hospitalini siku ile ile, hata kama ni usiku. Akiwa na mikazo, au pumzi yenye mlio, au akipoteza fahamu, hiyo ni dharura kamili. Ikiwa alipewa vidonge vya kalsiamu pamoja na maelezo ya kuongeza ganzi ikija, ameze alivyoelekezwa huku safari ikitengenezwa, wala asingojee kwanza aone kama vitafaa. Jamaa wamtulize, apumue polepole, maana mtu mwenye hofu akipumua upesi upesi huizidisha ganzi na mikazo. Lakini wasije wakasema kwamba ni hofu tu na kumwacha kitandani. Na kama shingo yenyewe inavimba na pumzi inakuwa nzito, hasa siku ya kwanza, hilo ni jambo jingine, yaani damu inayovuja ndani, nalo halingoji hata saa moja.

Katika dispensari ndogo mhudumu aweza kudhani ni presha au wasiwasi. Kwa hiyo neno la kwanza la mgonjwa liwe hili: "Nilitolewa tezi ya shingo tarehe fulani," na barua ya hospitali iwe mkononi. Pasipo na maabara, kipo kipimo cha zamani alichokieleza Armand Trousseau wa Paris mwaka wa 1861. Mhudumu hufunga mkanda wa mashine ya presha mkononi, akaujaza upepo kupita kidogo kipimo cha juu cha mgonjwa, akauacha kwa dakika tatu. Mwenye upungufu wa kalsiamu mkono wake hujikunja, kifundo kikainama na vidole vikakusanyika kama vya mtu atakaye kuchota chumvi. Kipo pia kipimo cha kugonga shavu mbele ya sikio ili kuona kama mdomo utatikisika, lakini hicho si cha kutegemewa sana, kwa kuwa hata baadhi ya watu wazima wa afya hutikisika mdomo. Mkono usipojikunja, bado mgonjwa apelekwe akapimwe damu.

Hospitalini, mwenye mikazo hudungwa kalsiamu katika mshipa wa damu, polepole, kwa dakika kumi au zaidi, huku moyo ukiangaliwa kwa mashine. Sindano hii haipigwi kwa haraka, kwa maana yaweza kuushtua moyo. Wala haifai kuvuja nje ya mshipa, kwa kuwa huunguza nyama. Daktari atapima pia magnesiamu, kwani ikiwa chini, kalsiamu hukataa kupanda hata ikitiwa nyingi. Baada ya hapo hufuata vidonge vya kalsiamu, na aghalabu dawa iitwayo kalsitrioli, ambayo ni vitamini D iliyokwisha kukamilishwa, kwa sababu figo za mgonjwa hazipati tena amri ya kuikamilisha zenyewe.

Hapa ndipo lilipo jibu la wale wanaosema mgonjwa anywe maziwa tu. Maziwa, omena waliokaushwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani vina kalsiamu, navyo ni chakula chema kwake. Lakini pasipo homoni ile matumbo hupokea kidogo na figo humwaga, hata chakula peke yake hakiwezi kuujaza upungufu huo. Na yale mawe laini yauzwayo sokoni, ambayo wanawake wengine huyatafuna na kuyaita odowa, si dawa ya kalsiamu hata kidogo. Ni udongo, na yaweza kuuzuia mwili usipate madini mengine.

Kumeza vidonge nako kuna utaratibu wake, na wengi huharibikiwa hapo bila kujua. Aliyetolewa tezi yote hupewa pia kidonge cha thairoksini, badala ya homoni ya thairoidi. Kidonge hiki na kile cha kalsiamu havipatani tumboni: vikikutana, kalsiamu huishika thairoksini isiingie mwilini. Lazima viachane kwa saa nne. Basi mtu aweza kumeza thairoksini saa kumi na mbili asubuhi kwa maji matupu, kalsiamu ya kwanza saa nne pamoja na uji, na nyingine pamoja na chakula cha mchana na cha jioni. Kalsiamu ya namna ya kaboneti, ambayo ndiyo ya bei nafuu, huhitaji chakula na uchachu wa tumbo ili iyeyuke. Kwa hiyo mwenye kutumia dawa za kiungulia kama omeprazoli hana budi kumwarifu daktari wake, apewe namna nyingine ikibidi.

Kuzidisha nako si kuzuri. Mgonjwa mwingine, akiisha kuonja ule mkazo wa vidole, huogopa hata akajiongezea vidonge mwenyewe. Kalsiamu ikizidi katika damu mtu hupata kiu, kichefuchefu na choo kigumu, na kwa miaka mingi figo zaweza kufanya mawe au kuharibika. Ndiyo sababu ya kupimwa damu mara kwa mara, kwanza kila baada ya siku chache, kisha kwa nafasi ndefu zaidi.

Kwa walio wengi tezi ndogo huamka ndani ya majuma au miezi michache. Zisipoamka baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, daktari huhesabu kwamba upungufu ni wa kudumu, na dawa itakuwa ya maisha; mwanamke wa hali hiyo akichukua mimba huhitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Wapasuaji wengine, wakiona tezi moja imekosa damu mezani, huikatakata vipande vidogo sana na kuipanda ndani ya msuli wa shingo au wa mkono, nayo huota mizizi ya damu na kufanya kazi huko ugenini.

Mama wa mfano wetu alikaa hospitalini siku nne. Alirudi Kinangop na vidonge vya aina tatu na karatasi yenye saa za kuvimeza, ambayo kijana wake aliibandika ukutani juu ya meza. Katika juma la sita daktari alianza kumpunguzia kalsiamu na kalsitrioli kidogo kidogo, huku damu ikipimwa kila mara, hata mwezi wa nne vikakoma vyote viwili. Kidonge cha saa kumi na mbili asubuhi hakikupunguzwa, kwa kuwa tezi ile kubwa iliyotolewa hairudi.